Siku ya Kumpaka Nta Yule Asiye na Miguu

Juzi kitinda mimba wetu kaniuliza, mbele ya ile picha ya sebuleni, huyu mtu wa shaba miguu yake iko wapi. Nikamjibu ilipasuliwa na bomu. Akaenda zake kucheza, mimi nikabaki na asubuhi ile ya Cleveland, Ohio, nje ya mlango wa kusini wa jumba la sanaa, The Thinker, sanamu ya mtu aliyezama katika mawazo ya mchongaji Mfaransa Rodin, ikioshwa.

Kuosha kulikwisha upesi: maji, sabuni isiyo kali, brashi laini, suuza hadi povu liishe. Adui ni mavi ya ndege na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi ikijificha kwenye vitundu, shaba hutoa unga wa kijani mpauko na kuliwa chini kwa chini.

Nta ndiyo iliyonigandisha pale. Fundi alipitisha moto wa gesi begani bila kuutuliza mahali pamoja, mpaka unyevu ukakauka wote, ndipo akagusisha brashi yenye nta. Ikayeyuka, ikazama, weusi wa shaba ukakolea papo hapo. Ikitoa moshi, moto umezidi na rangi itaungua. Ikifanya ukungu mweupe, maji yalibaki chini yake. Hapo ni kurudia. Kipande kidogo kidogo, kikipoa kinasuguliwa kwa brashi kama ya viatu.

Huku chini, kwenye miguu iliyopasuka, mbinu ikabadilika. Usiku wa manane, Machi 24, 1970, bomu lilitegwa hapo. Sanamu ikaanguka, na hakuna aliyewahi kushtakiwa. Kitambaa hakifai, nyuzi hunasa kwenye ncha zilizochanika. Ni brashi fupi tu, mkunjo kwa mkunjo. Ndipo nikaona kwa macho kuwa jitu lote lile ni ganda, ndani tupu.

Wangeweza kuagiza miguu mipya. Mkurugenzi wa jumba wakati ule, Sherman Lee, akakataa: hii ni miongoni mwa nakala za mwisho za sanamu hiyo kusubiwa chini ya macho ya Rodin mwenyewe, aliyefariki 1917, na kuiunga kungeifanya kitu kingine. Nakubaliana naye, nusu. Maana nta ni ile ile, kwa kazi ya Rodin na kwa kazi ya mlipuaji, na fundi alikaa zaidi kwa mlipuaji. Nilipomuuliza, akasema kutu huanzia kwenye mipasuko.