Miche chini ya kivuli

Leo nimeshinda vichakani nimepiga magoti, natafuta miche ya miti iliyojiotea yenyewe. Mahali palipo wazi, jua limechoma udongo hadi umepasuka. Sikuona kitu ila nyasi kavu. Nikainama chini ya kichaka cha miiba: udongo una unyevu, majani yanaoza, na miche imejaa! Ndege hutua juu wakadondosha mbegu, na miiba huzuia mbuzi wasiifikie. Ila kivuli kikizidi, mambo hugeuka. Penye matawi yaliyofungamana kabisa, miche ilikuwa myembamba, imepauka, inarefuka kutafuta mwanga. Iliyostawi niliikuta pembezoni, jua linapopenya kidogo kidogo. Ndiyo maana huniuma sana kuona mtu anafyeka kichaka chote ili apande mti.