Akili ya Kawaida Ilikuwa Nini?

Juma lililopita, katika ofisi moja, mzee aliyefika dirishani bila namba ya foleni aliambiwa na kijana wa mapokezi mbele yetu sote: "Mzee, hiyo ni akili ya kawaida tu." Mzee alivua kofia yake, akaitazama mashine ya namba iliyofichwa nyuma ya mlango, asijue pa kubonyeza. Maneno yale yamenikaa moyoni, kwa sababu yalipoanza hayakuwa ya kumpima mtu mwingine hata kidogo.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, aliuliza hivi: jicho huiona nyongo kuwa ya manjano, ulimi huionja kuwa chungu, ni kitu gani basi kinachotujulisha kwamba hiyo ya manjano na hiyo chungu ni nyongo moja? Alijibu kuwa ndani ya kila mtu mna uwezo unaozikutanisha hisi zote. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliupa uwezo huo makao katika sehemu ya mbele ya ubongo na kuuita al-hiss al-mushtarak, jina lisilomhitaji Mswahili mkalimani, kwani hisi tunayo na kushirikiana tunakujua. Alitoa mfano wa tone la mvua linaloanguka, ambalo sisi huliona kama mstari, kwa kuwa uwezo huo huunganisha kila mahali tone lilipopita. Nami nakumbuka tulivyozungusha kijinga cha moto gizani utotoni, tukaona duara jekundu lisilokatika, ilhali mkononi mlikuwa na ukuni mmoja wenye kaa nchani.

Kabla yake, Warumi nao walikuwa na jina kama hilo kwa Kilatini, sensus communis, lakini walilitumia hasa kwa yale ambayo watu wa jamii moja huyaona kwa namna moja, na maana hiyo ya pili ndiyo iliyoshinda, hata Waingereza wakaiita common sense, nasi akili ya kawaida. Mwaka 1764 mwanafalsafa Thomas Reid wa Scotland aliifanya ngao dhidi ya wanafalsafa waliotilia shaka hata kuwapo kwa ulimwengu. Januari 1776, huko Philadelphia, mwandishi Thomas Paine alikiita kijitabu chake kwa jina hilohilo, Common Sense, akidai kuwa ni upuuzi bara zima la Amerika kutawaliwa daima na kisiwa cha Uingereza. Nalo wazo hilo, kwa serikali ya Uingereza, lilikuwa uasi. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi: neno hudai kutaja lililo wazi kwa wote, kumbe mara nyingi ndilo linalojaribu kuliweka wazi.

Wahenga wetu walikuwa waangalifu zaidi waliposema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Anachokijua kijana wa mapokezi alikipata kwa kukaa karibu na mashine ile kila siku, wala hakuzaliwa nacho.

Nilimwonyesha mzee pa kubonyeza. Alipokwisha kupata karatasi yake, hakwenda kuketi, alisimama pale mlangoni, na kila aliyeingia alimwambia kwa upole: "Karibu, namba zinatoka huku nyuma."