Vumbi ya lava haipanguswe kavu: vile natunza vyombo vya karaoke apa Goma

Mutu wa Goma anasikilizaka na macho kwanza. Ukiingiza bafle (spika) kwenye sali ya ndoa, grili iko na kutu, kona zimechubuka, mikro inanuka mate ya watu wa jumamosi iliyopita, mama ya bibi arusi ameisha kuanza kujiuliza kwa nini alikupa avansi, ata kabla hujawasha kitu. Na kuna wenye wanakuja na vyombo vya kawaida kabisa lakini vinang'aa, na watu wanasema bana uyu ako na sauti. Kwa ivo mi usafi siuweke pembeni ya kazi, iko ndani ya bei yenye nakutajia.

Sasa watu wengi wanasoma mashauri ya kusafisha yenye yaliandikwa na watu wa mahali vumbi ni vumbi tu. Apa kwetu haiko ivo. Tunaishi juu ya lava ya volkano Nyiragongo, ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikashuka mpaka Buhene ikasimama karibu na kiwanja cha ndege, na hayo mawe njo tunavunja tunajengea, njo tunamwaga barabarani, moto (pikipiki) na kamio zinayasaga kila siku mpaka yanakuwa unga. Twala kidole pitisha juu ya bafle yenye imekaa siku mbili bila kufunikwa halafu sugua na kidole gumba: utasikia inauma. Ile ni jiwe, na ni ngumu kuliko plastiki ya bafle. Mutu akitwala kitambaa kikavu akapangusa na nguvu, hasafishe, anapiga musasa. Njo maana bafle nyeusi nyingi za huu mji ziko na vile viduara vidogovidogo vyeupe vyenye huwezi kuona muchana, lakini usiku taa ikizipiga kwa pembeni unaona zote.

Mi naanza na brosi ya rangi, ile pana yenye manyoya laini, kwenye kinkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) yoyote utaipata, na ikisha kuingia kwa karaoke isiguse tena rangi wala mafuta. Natoa bafle inje, upepo uwe mgongoni, napita kuanzia juu kushuka, bila kukandamiza, vumbi inaenda yenyewe. Kiisha kitambaa chenye maji kidogo na sabuni kidogo sana, kimekamuliwa mpaka hakitoe tone. Kiisha kikavu. Kitambaa ni cha tisheti ya zamani ya pamba, na nakigeuza kila saa, juu upande wenye umeisha kubeba vumbi ukirudi nao ni musasa tena.

Wengine wanapeleka ampli kwa kijana wa kujaza upepo wa matairi ati aipulizie. Apana. Ile presha ni kubwa, inaweza kupasua kadibodi ya bafle, na upepo wa ile mashini unatokaka na maji na mafuta ya ndani ya tanki. Ampli naizima, natoa fishi (plagi) kwenye ukuta, naingoja ipoe, nafanya na brosi kwenye matundu, na ile feni ndogo ya ndani naishika na kijiti isizunguke wakati napitisha brosi.

Mikro njo mambo yenyewe, juu pale njo watu wanaweka mdomo. Ile kichwa cha waya kwenye mikro nyingi za kushika inafunguka, unazungusha kinyume cha saa inatoka, ndani utakuta kasponji. Fungua moja yenye haijafunguliwa mwaka mzima, utaona ile sponji imekuwa rangi mbili, nyekundu ya rangi ya midomo upande wa juu na kahawia ya bia na mate upande wa chini, na harufu sitaieleza juu pengine uko unakula. Kichwa na sponji vinaingia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, brosi ya meno laini kwenye waya, unasuuza, unakamua sponji bila kuipasua, unaacha usiku mzima mahali penye hewa. Usiirudishe ikiwa na unyevu. Na kile kitu cha duara chenye kinabaki juu ya mikro ukisha kutoa kichwa, chenye kinashika sauti, kile hakiguswe na maji wala alkoli wala kidole. Nikipangusa kandokando yake naelekeza mikro chini, maji yakitaka kushuka yaanguke kwa sakafu siyo ndani.

Katikati ya muimbaji na muimbaji, alkoli ya 70 ya farmasi, kwenye kitambaa, siyo kupuliza moja kwa moja. Wakliya wanapenda kuona unafanya ivo, nawaambia vijana wangu wafanye mbele ya watu bila kujificha. Mikro za bila fili (waya) zinatolewa pili (betri) usiku uleule kazi ikiisha, ata kama peti (kijana wa kazi) amechoka, juu pili ikivuja ndani inakula vile vichuma. Ikisha kuvuja, kama ni zile za alkalini, tone la vinegri kwenye pamba iliyofungwa kwa kijiti inatoa ule unga mweupe, halafu unapangusa na alkoli.

Ekra (skrini), apana alkoli na apana ile dawa ya vioo vya madirisha, zinaweza kula ngozi ya juu. Maji tu.

Bia ikimwagika kwenye mikseri, kwanza kata moto (umeme), usianze kupangusa ikiwa imewaka. Inamisha, acha itoke. Fanta ni mbaya zaidi juu ya sukari, kesho yake vitufe vinashikana, na kisukari kikikauka chini ya kile kitu cha kupandisha sauti kinaanza kukwaruza. Hapo iko dawa ya kontakti ya elektroniki, siyo WD-40 ya kawaida. Ile watu wanaipenda kwa kila kitu, lakini kwenye mikseri inaacha mafuta, na mafuta apa Goma ni mwaliko wa vumbi.

Kwa sababu ileile sipendi wale wenye wanapaka bafle mafuta ya dashibodi au kiwi ya viatu. Siku ya kwanza inang'aa, siku ya tatu imevaa koti ya vumbi, na kiwi itatoka kwenye robe (gauni) nyeupe ya mutu halafu utalipa robe. Bafle ya mbao yenye imechubuka, pakaa rangi nyeusi isiyong'aa, tu utoe grili kwanza na usifunge matundu yake na rangi.

Ile mwalimu wa wote, Mujapani Daisuke Inoue mwenye alitengeneza mashini yake ya karaoke kule Kobe mwaka 1971 na hakuiandikisha kuwa mali yake, baadaye alikuja kuuza dawa ya kufukuza mende kwenye mashini za karaoke. Nacheka lakini namuelewa. Mende anapenda joto ya ampli, na peti akiacha makombo ya chapati kwenye depo, ameisha kumualika.

Kwenye njia njo vyombo vinaharibikaka zaidi kuliko kwenye sherehe. Chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) haina risori (springi), kila jiwe linapiga kona ya bafle, na skrubu zinalegea. Fundi wa kushona alinitengenezea mifuko ya bashi (turubai) nene, ndani ameweka blanketi la zamani, na tundu la kushikia mkono. Naylon peke yake usifunike nayo vitu vyenye bado viko na joto, vinatoa jasho. Mvua ikilowesha mfuko, unautoa ukifika, hauachi ukauke juu ya bafle. Fili, ukizifunga na skochi (utepe wa gundi) ya kawaida inaacha gundi, mafuta ya kupikia kidogo inaitoa, kiisha sabuni, juu ukiacha ile gundi fili inabeba barabara yote mpaka nyumbani.

Na ukienda kununua vyombo vya kutumika, muuzaji ameisha kuvipangusa, ivo usiangalie inje. Omba kufungua kichwa cha mikro, nusa. Zungusha kila kitufe cha sauti polepole bafle ikiwa imewashwa, usikilize kama inakwaruza. Pitisha kidole nyuma, pale feni inatolea hewa. Ukikuta unga mweusi umejaa pale, punguza bei au rudi nyumbani.