Siku Moja Maishani Mwangu: Mitungi Miwili Mgongoni

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijashika simu, nahesabu mwezi. Leo ni siku ya tisa ya mwezi mwandamo, maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, na kwa mtu anayepeleka wageni kuzamia kwenye mabaki ya manowari Pegasus mbele ya Mji Mkongwe hakuna habari njema kuliko hiyo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo humfanya mzamiaji aheme kama anayepanda mlima mbio, na gesi ya kupumua aliyodhani itamtosha humwishia mapema. Manowari hiyo ya Waingereza ilikuwa Unguja kwa matengenezo ilipopigwa mizinga na meli ya Kijerumani Königsberg alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Imelala kwenye kina cha karibu mita 40, na kwa sababu ya kina hicho tunabeba mitungi miwili iliyounganishwa.

Saa 12:15 asubuhi. Umeme umekatika na jenereta inanguruma, kwa hiyo kabla ya kufungua chumba cha kompresa nimezunguka nje kutazama upepo unaupeleka wapi moshi wake. Kompresa ikivuta moshi huo, monoksidi ya kaboni huingia mtungini, na kiasi ambacho huku juu kingemwumiza mtu kichwa tu, chini ambako shinikizo ni mara tano kinaweza kumzimisha.

Kisha tukaanza kupima mchanganyiko. Leo tunatumia naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, yenye oksijeni asilimia 28, kwa kuwa bar (kipimo cha shinikizo) 1.4, kikomo cha shinikizo la oksijeni tunachokifuata, ukikigawanya kwa 0.28 unapata bar 5 kamili, yaani shinikizo la mita 40. Kijana anayenisaidia alikuwa ameweka kipimo cha oksijeni kwenye vali ya kulia ya mitungi yangu.

"Kaka, hii inasoma 21."

Nikamwambia arudie. Ikasoma 21 tena, yaani hewa ya kawaida. Upande wa kushoto ilisoma 28, na geji ya shinikizo ilionyesha bar 220, kama nilivyoijaza usiku.

Hapa inabidi nieleze jinsi mitungi hii inavyofungwa. Kila mmoja una ujazo wa lita 12, na juu ya yote miwili kuna bomba fupi la chuma linaloiunganisha, lenye vali tatu: ya kulia, ya kushoto na ya katikati. Rejiuleta kuu, kifaa cha kupumulia, yenye mpira wa mita 2.1 tunaompa mwenzetu akiishiwa, hukaa kulia. Ya akiba, inayoning'inia chini ya kidevu, hukaa kushoto pamoja na geji. Vali ya katikati ikiwa wazi, mitungi miwili ni chungu kimoja. Ikifungwa ni vyungu viwili, nawe unapumua kutoka cha kulia huku geji ikikusomea cha kushoto.

Kosa lilikuwa langu. Jana alasiri nilimfundisha mwanafunzi kufunga na kufungua vali kwenye maji mafupi, nikaifunga ile ya katikati, kisha nikatoka majini nikizungumza habari nyingine. Usiku nikajaza kupitia vali ya kushoto. Mtungi wa kulia ulibaki na hewa ya kawaida ya jana, bar 60, ambazo kwa lita 12 ni lita 720. Mimi hutumia kama lita 20 kwa dakika nikiwa juu ya maji. Kwenye mita 40 hiyo huwa lita 100. Ningekuwa na dakika saba, pengine pungufu, na muda wote huo mshale wa geji ungekaa palepale kwenye 220 ukinituliza. Ningeweza kuokoka kwa kuhamia rejiuleta ya akiba au kufungua vali ya katikati, lakini hayo ni mambo ya kufanya ukiwa na akili iliyotulia, na naitrojeni ya mita 40, ambayo hulevya, hailei akili tulivu.

Tukafungua vali ya katikati polepole, gesi ikavuma kutoka kushoto kwenda kulia hadi pande zote zikawa na bar 140. Tukaongeza hadi 220, tukaacha ichanganyike, tukapima tena kote kuwili: 27. Nikabandua utepe wa zamani, nikaandika mpya: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, herufi za jina langu. Sikumficha kijana lolote. Kumbe naye alikuwa na swali aliloona haya kuniuliza, kwa nini tunapima kulia na kushoto ilhali gesi ni moja.

Saa 2 asubuhi. Wageni ni wawili, mume na mke, wote wana vyeti vya mitungi miwili. Mume anataka tutumie kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Ni kanuni nzuri kwa mapango ilikotoka, ambako huna njia nyingine ya kutokea. Sisi hatuingii ndani ya meli, na njia yetu ni kwenda juu, kwa hiyo nikapendekeza tuanze na swali jingine: wawili wakipumua kwenye mitungi ya mmoja kwa hofu, wanahitaji kiasi gani kufika juu?

Tuliandika ubaoni. Kila mmoja akihema lita 30 kwa dakika, wawili ni 60. Dakika mbili za kutatua tatizo chini, kwa shinikizo la bar 5, ni lita 600. Dakika nne za kupanda hadi mita 6 ni kama lita 800. Kusimama dakika nane kwenye mita 6 ni karibu 770. Jumla 2,170, gawanya kwa lita 24 za mitungi yote miwili, ni bar 90 na ushei. Tukaandika 100. Yeyote akikaribia hapo, wote tunaondoka, wala hakuna mjadala.

Saa 4 asubuhi. "Shikamoo, nahodha. Vipi maji?" "Marahaba. Yamesimama, lakini yasikudanganye." Nahodha wetu husema hivyo kila siku, na mara nyingi husema kweli.

Kwenye mita 6 tulisimama kukaguana kama kuna mapovu yanayovuja, kila mmoja akafikia vali zake zote tatu kwa mkono na kuhakikisha zimefunguka. Dakika ya tatu tulikuwa chini, mimi nikiwa na 210. Dakika ya nane 190, dakika ya kumi na tatu 170: mshale unashuka kwa hesabu, na leo kushuka kwake kulinifurahisha kuliko samaki wote. Mke alikuwa sawa nami. Mume alitoka 205 hadi 180, kisha 150, kwa kuwa mkondo ulikuwa umeanza kuamka naye alikuwa akipambana nao ili apige picha. Bar 30 kwa dakika tano ni lita 144 kila dakika. Mpango ulisema dakika 20. Nikaonyesha kidole gumba juu, ishara ya kupanda, dakika ya 17, yeye akiwa na 125. Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Alitoka majini na bar 105.

Saa 8 mchana. Wamekula, wamelala. Nimeandika kwenye daftari la kazi, chini ya takwimu za leo, habari ya vali ya katikati, kwa jina langu.

Saa 11 jioni. Umeme umerudi. Kijana ameleta mitungi kujaza kwa ajili ya kesho, na kabla ya kuunganisha mpira wa kompresa ameweka mkono kwenye vali ya katikati, akaizungusha, akanitazama. Nami nikaizungusha tena mwenyewe.