Nyota za chelewa na ng'ombe wa unga: likizo ya Desemba na watoto watatu

Desemba mwaka juzi shule zilipofungwa nilibaki na watoto watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili, Tabata: wangu wawili, wa miaka mitatu na mitano, na wa kaka yangu kutoka Morogoro, ana miaka saba. Jirani yangu, mama mwenye nia njema kabisa, akaniambia watoto wasipopangiwa ratiba watanitoa roho. Nikanunue boksi la vifaa vya sanaa, saa tatu wafanye hiki, saa tano kile. Nikanunua, kwa bei ya kuku mzima. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya kuunganisha mtu wa theluji. Nilimuunganisha mimi, saa nne usiku, wenyewe wamelala. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana nilikaa siku tatu nikiamini kwamba tatizo ni mimi.

Kilichonitoa pale ni ufagio. Nilikuwa nafagia uani, yule mdogo akachomoa chelewa moja, akaizungushia uzi. Akakaa kimya robo saa! Basi nikavunja chelewa tatu, urefu wa kiganja, nikazifunga katikati na kuzitawanya kama nyota, nikampa kila mmoja ya kwake azungushe uzi kijiti kwa kijiti. Uzi wa sufu, mwekundu na wa kijani, nilipata Kariakoo, sidhani kama buku tatu ilifika. Ncha zikate butu kwa mkasi, na anayeshika chelewa anakaa chini, hakuna kukimbia nayo. Ya mdogo haikuwa nyota, ilikuwa fundo kubwa lenye miiba. Tuliitundika hivyo hivyo. Huyu wa miaka saba alitaka kumrekebishia, nikamwambia, "Baba, hiyo ni yake, iache."

Minyororo ya karatasi tulikata kwenye kalenda ya ukutani, mwaka si ulikuwa unaisha. Vipande vya vitenge alinipa fundi cherehani wa mtaani, mfuko mzima bure, tukabandika kwenye kadi. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa uji mzito. Pika ya siku hiyo tu, kwa joto letu kesho yake inanuka.

Sasa unga wa chumvi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, maji kikombe kimoja lakini utie kidogo kidogo, donge likishikana acha. Watoto wakafinyanga samaki, mioyo, na ng'ombe mmoja, wa binti yangu wa miaka mitano. Matobo ya kupitishia uzi tulitoboa kwa mrija. Nilikuwa nimeambiwa anika juani, basi. Nikaanika kwenye ungo. Mpaka saa nane jua lilikuwa la kuchoma, saa kumi wingu likafunga na mvua ya vuli ikashuka. Nikaokoa kila kitu, nikaanika tena kesho yake, juu vikawa vigumu, nikafurahi, nikatundika kwenye tawi la mvinje tulilosimamisha ndani ya ndoo ya mchanga. Siku ya tatu asubuhi binti akanijia mbio: "Mama, ng'ombe anatoka jasho!"

Kweli alikuwa anatoka jasho. Matone kabisa, na ukimgusa ananata. Samaki mmoja alishachanika pale kwenye tobo na kuanguka. Nilisimama pale mpaka nikakumbuka kopo langu la chumvi jikoni, linavyolowa kila vuli bila kutiwa tone la maji. Chumvi inafyonza unyevu wa hewani, na hewa ya Dar Desemba ni maji matupu. Isitoshe tulifinyanga vinene, ndani vilikuwa bado vibichi.

Mara ya pili tukasukuma donge kwa chupa ya soda mpaka likawa jembamba kama chapati, tukakata kwa glasi na vifuniko. Ng'ombe akafinyangwa upya, bapa. Halafu nikafanya kama mama alivyokuwa akioka keki: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, mfuniko, na makaa machache juu ya mfuniko. Lakini nilisubiri maharage yaive kwanza, moto uwe umekufa nusu, kwa sababu ukali wa moto unavitia mapovu na kuvipasua. Watoto nikawaweka mbali na jiko. Vilikaa humo kwa muda wa kama saa mbili hivi, nikivigeuza mara moja. Gonga kwa ukucha: kikilia ko, ko, kimekauka. Kikitoa sauti ya mkate, rudisha.

Vilipopoa nikavipaka rangi ya kucha, mbele, nyuma, pembeni na ndani ya tobo. Hii niliibuni mwenyewe na ninajivunia sana. Inatia rangi na inaziba unyevu kwa pamoja. Watoto walichagua rangi, kupaka nilipaka mimi, nje uani kwa sababu ya harufu yake.

Muda wa kuwakalisha watoto? Dakika ishirini zinatosha. Aliyechoka aende akacheze, donge lifunikwe kwenye bakuli na kuwekwa kwenye friji, kesho lipo. Kuna siku hatukufanya lolote.

Baada ya sikukuu niliyatia mapambo kwenye kopo la maziwa ya unga, mchele mkavu kiganja kimoja chini yake, nikafunika. Desemba iliyofuata tulifungua wote watatu wakiwepo, maana wa Morogoro aliomba mwenyewe kuja. Makavu yote. Ng'ombe wa kijani yupo na miguu yake mitatu. Wa nne binti hakumwekea.