Mwaka Tuliohama na Bosi na Chausiku

Juzi gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Ipagala likiwahimiza wenye mbwa na paka wawapeleke kwenye chanjo kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nami nikaingia chumbani kutafuta kadi ya mbwa wetu, Bosi, katika mfuko wa nyaraka. Mwanangu mdogo, ambaye amezaliwa hukuhuku Dodoma na siku hizi anasoma kila maandishi anayokutana nayo, aliichukua kadi hiyo iliyokunjika kona, akakuta imeandikwa Kimara, Dar es Salaam, akauliza, "Mama, kwani Bosi alikuja huku na nani?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba alikuja na sisi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jibu refu ambalo sikumpa.

Agizo la Serikali kuhamia Dodoma lilipotolewa Julai 2016, mazungumzo ya ofisini kwetu yalikuwa ni nyumba za kupanga, shule za watoto na posho ya uhamisho. Zamu yetu ilipofika mwaka uliofuata, mume wangu, Baba Neema, aliandika orodha ya vitu vya kupakia kwenye Fuso, na orodha hiyo ilikuwa na jokofu, vitanda, mtungi wa gesi na hata vyungu vya maua vya Bibi, lakini Bosi na paka wetu, Chausiku, hawakuwamo. Alidhani, kama wengi walivyodhani, kwamba mbwa hupakiwa siku ya safari vivyo hivyo alivyo, na kwamba paka huachwa. Katika miezi ile niliona mtaani mbwa waliolala mbele ya mageti yaliyotiwa kufuli, wakiinuka kila gari lilipopunguza mwendo. Sitaki kuwahukumu waliowaacha, maana uhamisho humbana mtu kwa fedha na kwa muda, ila niliazimia kwamba wa kwangu hawatalala getini namna ile.

Daktari wa mifugo niliyemwendea aliuliza kwanza habari za chanjo. Bosi alikuwa amechanjwa, lakini mwaka ulikuwa umekwisha kupita na ilibidi arudie. Chausiku hakuwa amewahi kuchanjwa kabisa, kwa hiyo alitakiwa kupata chanjo yake ya kwanza mapema, kwa kuwa mwili huhitaji takriban wiki tatu hadi nne kujenga kinga ya kutosha. Alitukumbusha kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu kila mara huua, awe mtu au mnyama, na kwamba mbwa anayehamishwa mkoa huenda kukutana na mbwa wengine ambao hakuna anayezijua habari zao. Wote wawili walipewa dawa ya minyoo, Bosi akaogeshwa dawa ya kupe, kisha tukafuatilia kibali cha kusafirisha wanyama katika ofisi ya mifugo, kama inavyotakiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kibali hicho nilikiweka katika bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Jambo ambalo daktari alilisisitiza kuliko yote lilikuwa ni tundu la kusafiria. Fundi seremala wa jirani alilitengeneza kwa mbao na wavu wa chuma, likiwa na kimo cha kumwezesha Bosi kusimama bila kuinamisha kichwa na upana wa kumwezesha kugeuka na kulala. Tuliliweka kwenye kona ya baraza bila mlango, tukatandika gunia ndani, na tangu jioni ile chakula chake, ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, kikawa kinaliwa humo. Siku za mwanzo sahani ilikaa mdomoni mwa tundu, naye alikula huku miguu ya nyuma ikiwa imebaki nje, tayari kukimbia. Tukaisogeza ndani kidogo kidogo, tukafunga mlango kwa dakika chache wakati akila, kisha kwa muda mrefu zaidi. Alipozoea, tundu lilipandishwa ndani ya Noah huku injini ikiwa imezimwa, halafu tukaenda naye hadi Mbezi, na baadaye hadi Kibaha. Mara ya kwanza kwenda Kibaha alidondosha mate njia nzima na akatapika tulipofika Kibamba. Baadaye alikuwa akilala.

Kuhusu Chausiku palikuwa na ubishi ndani ya nyumba. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, alishikilia kwamba mbwa humfuata mtu lakini paka huifuata nyumba, na kwamba kumtoa paka mahali alipokulia ni kumwonea. Haikuwa kauli ya mtu asiyejali, maana ni yeye aliyekuwa akimwekea vichwa vya samaki kila jioni, tena alikwisha kuzungumza na jirani yetu, Mama Zai, ambaye alikuwa tayari kumlisha. Neema alilia, na mimi nikaegemea upande wa Neema. Bibi hakugomba. Alinipa kanga yake kuukuu, ambayo haikuwa imefuliwa, akasema, "Basi mwanangu, mtandikie hii kwenye tenga, angalau asikie harufu ya mtu." Daktari alipoisikia habari hiyo alisema Bibi amefanya jambo sahihi kabisa, kwa sababu paka hujisugua mashavu kwenye vitu ili kuacha harufu yake, na mahali penye harufu anayoijua ndipo anapopaona salama. Daktari huyohuyo ndiye aliyenizuia nisimsikilize dereva wa Fuso, aliyekuwa ameshauri tuwape wanyama vidonge vya binadamu ili walale; alinieleza kwamba kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na kwamba mbwa aliyeleweshwa kwa dawa hushindwa kuupoza mwili wake ndani ya gari lenye joto.

Kati ya yote yaliyotokea siku ya safari, yaliyonikaa waziwazi ni ya alfajiri. Vijana wa kupakia walimaliza kazi saa kumi na moja kasoro, Fuso likatangulia, na nyumba ikabaki tupu, taa moja ya barazani ikiwaka. Bosi alikuwa amefungwa kwenye mwembe muda wote wa kupakia, naye alikuwa amebweka hadi sauti ikamkauka. Nilipomfungua aliingia ndani mbio, yeye ambaye kwa kawaida alikuwa akiishia mlangoni. Kucha zake zilisikika vyumba vyote kwa jinsi sakafu ilivyokuwa wazi. Alikwenda kwanza mahali palipokuwa na meza kubwa, ambapo alizoea kulala mchana, akanusa alama nne za miguu ya meza kwenye vumbi, moja baada ya nyingine, akasimama katikati yake. Akatoka hadi mlango wa jikoni, penye gunia la mkaa alilokuwa akijisugulia mgongo, akakuta sakafu nyeusi tu. Akaenda getini, akarudi. Alikuja mbele yangu, masikio yamelala nyuma na mkia umefika tumboni, akaniangalia usoni kwa muda ambao ulinitoa machozi, kwa kuwa hapakuwa na lugha ya kumweleza kwamba hatufukuzwi, na kwamba meza yake ilikuwa njiani kuelekea Chalinze.

Neema alitaka kumwita, nikamshika bega. Tundu lilikuwa bado kwenye kona yake ya baraza, kwa sababu tulikuwa tumepanga liwe la mwisho kupakiwa. Bosi aligeuza kichwa, pua ikacheza, akalisogelea. Hapakuwa na chakula ndani, na hapakuwa na mtu aliyemwamuru. Aliweka mguu mmoja juu ya gunia, akanusa, akaingia mwili mzima, akajizungusha mara moja kama alivyozoea, akalala, akakilaza kidevu juu ya gunia na kushusha pumzi ndefu. Katika nyumba yote ile, kitu pekee ambacho hakikuwa kimebadilika kwake kilikuwa ni hicho. Baba Neema, mtu asiyekuwa mwepesi wa kuonyesha hisia, alichuchumaa, akausukuma mlango polepole mpaka komeo likaingia, akasema kwa sauti ya chini, "Haya Bosi, twende zetu."

Safari yenyewe haina mengi. Tuliondoka jua halijatoka na wanyama hawakuwa wamekula tangu jioni. Chausiku alilia hadi Mlandizi, kisha akanyamaza. Chalinze hatukusimama kwa sababu ya wingi wa watu na kelele. Tulipumzika Dumila chini ya mti, Bosi akiwa na mkanda shingoni ulioandikwa namba yetu ya simu, akanywa maji, akajisaidia, tukaendelea. Tenga la Chausiku halikufunguliwa mpaka tulipokuwa ndani ya chumba kilichofungwa mlango na madirisha, maana paka akichomoka barabarani katika mji asioujua, kumpata tena ni bahati.

Bosi aliizoea Dodoma kabla yetu sisi. Miiba ndiyo iliyomsumbua, na upepo mkavu wa Julai uliokuwa ukimfanya apige chafya, lakini tundu lilipowekwa barazani, kwake mji ulikuwa umekwisha kupatikana. Chausiku tulimfungia chumba kimoja pamoja na beseni la mchanga na kanga ya Bibi kwa wiki mbili, kama tulivyoelekezwa, na tulipomfungulia alikaa nasi vizuri hadi mvua za kwanza. Kisha akapotea. Neema alizunguka mtaa mzima akiita. Chausiku alirudi amekonda, akala, akalala juu ya kanga yake, na tangu hapo akahamia katika pagale la jirani, ambako alizaa na kukaa miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Jioni alikuwa akivuka ukuta kuja kula kwetu, akijisugua miguuni mwa Bibi kabla ya sahani kuwekwa, na akishashiba alivuka tena.

Bibi husema paka alitafuta nyumba yake mwenyewe, na kwamba angekaa kwa Mama Zai asingepata taabu ile. Neema, ambaye sasa ni msichana mkubwa, humjibu kwamba Chausiku angekuwa wa nyumba tu asingekuwa akivuka ukuta kila jioni kutufuata. Wamebishana hivyo mbele yangu mara nyingi, nami ndiye niliyeamua paka aje, lakini mpaka leo sijaweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.