Siku moja maishani mwangu: napanga usafiri wa Dar, na jana yote iliishia Bonyokwa

Watu wakisikia naongoza timu ya kupanga usafiri wa jiji kama Dar wanawaza flaiova ya TAZARA na zile barabara za kupandiana pale Ubungo. Hizo zipo, sikatai, ila muda wangu mwingi siku hizi unaenda kwenye magari ya mlisho, yale yanayotakiwa kukutoa mtaani kwako mpaka kituo cha mwendokasi, yale mabasi makubwa yenye njia yao peke yao. Acha niwapitishe jana ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri
Nipo Kimara Mwisho. Ningeweza kusubiri takwimu ofisini, ila nikiwa pale nayaona yale ambayo karatasi haibebi. Makarani wetu wameshakaa na fomu, mmoja anahesabu gari zinazoingia, mwingine watu wanaoshuka, afu nimeongeza wa tatu ambaye kazi yake ni moja tu, anaandika watu waliobaki kituoni gari likishaondoka. Kwangu mimi hiyo namba ya tatu ndo inayobeba mpango wote. Gari likiondoka limejaa, kwenye ripoti inasomeka vizuri, lakini yule mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya samaki aliyeshindwa kugombania mlango hayupo kwenye hesabu yoyote kama hakuna aliyemuandika.

Ikaingia daladala, ubavuni imeandikwa inaenda mbele zaidi, konda anapiga bodi, "mwisho hapa, shukeni, mwisho hapa!" Abiria wamelipa nauli nzima, wanashuka wananung'unika. Nikamfuata dereva, mtu mzima, nikamwamkia nikamuuliza mbona mnakata ruti. Akaniambia, "Mwanangu, asubuhi hii watu wako huku, nikienda mpaka kule narudi tupu, na jioni tajiri anataka hesabu yake." Tajiri ni mwenye gari, na hesabu ni kiasi anachotaka kila siku. Sasa hapo utamlaumu vipi? Dereva wa daladala halipwi kwa kufika, analipwa na kile kinachobaki baada ya hesabu ya tajiri na mafuta, kwahiyo atasubiri ajaze, atageuza njiani, na mwanafunzi wa shilingi 200 atamuacha manake siti ile ile mtu mzima anailipia mara kadhaa. Ndo maana nasema kila siku, tusipobadilisha namna gari linavyolipwa hata tukileta mabasi mapya ya kung'aa yatafanya yale yale.

Saa 1 asubuhi
Nimepanda mwendokasi kwenda mjini. Njia hii ilianza kubeba watu Mei 2016, kama kilomita 21 hivi pamoja na matawi yake, na pamoja na malalamiko yote ya kujazana, basi moja la mita 18 linabeba watu zaidi ya 140. Hao 140 wawekee kila mmoja gari lake dogo uyapange kwenye foleni, unapata karibu kilomita nzima ya mabati. Hesabu hii huwa naitoa kwenye kila kikao mtu anapotaka tupanue barabara kwanza.

Saa 3 asubuhi
Kikao, na hiki ndo kigumu kuliko vyote. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA, leseni ya daladala inatoka LATRA, mwendokasi ni DART, makutano yakizidiwa askari wa usalama barabarani anazima taa anaongoza kwa mkono. Kimara ipo manispaa ya Ubungo, Bonyokwa ipo upande wa Ilala, abiria anayetembea kati ya hizo mbili wala hajui kavuka mpaka. Na ukisogea kidogo Kibaha ni mkoa mwingine kabisa, Pwani, lakini wafanyakazi wake wanaamkia Dar. Kwahiyo mpango wowote unaoishia kwenye mpaka wa manispaa umemkata mtu katikati ya safari yake.

Ajenda ilikuwa ruti moja tu ya mlisho, Segerea mpaka Kimara kupitia Bonyokwa. Pendekezo letu ni mabasi madogo yalipwe kwa kilomita yaliyotembea kwa ratiba, nauli iingie kwenye mfuko mmoja, na wenye daladala zilizopo wapewe nafasi ya kwanza kuunda kampuni waingie mkataba, manake wao ndo wamewabeba watu wa huko miaka yote. Tulibishana mpaka saa 6. Swali lilikuwa gari likitembea tupu saa 5 asubuhi nani analipa, na ni swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba ile safari ya saa 5 ndo inamfanya mgonjwa anayetoka kliniki na mama anayerudi sokoni waamini kwamba usafiri upo. Wengine walikubali, mmoja alitaka tuanze na saa za asubuhi na jioni tu. Haijaisha.

Saa 7 mchana
Wali maharage, haraka.

Saa 8 mchana
Nipo na vijana wangu kwenye kompyuta, tunarekebisha modeli, ile programu inayokadiria watu wanasafiri kutoka wapi kwenda wapi. Sensa ya 2012 ilikuta Dar watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728, na hao milioni walioongezeka sehemu kubwa hawajaenda Kariakoo wala Upanga, wameenda kujenga pembeni, Chanika, Chamazi, Goba, Kigamboni, kule kiwanja kilikopatikana. Tukiacha modeli itumie mgawanyo wa zamani inatuletea safari nyingi za katikati ya jiji na mitaa mipya inaonekana kama pori. Mhandisi wetu mdogo kabisa, binti ana mwaka wa kwanza kazini, akasema, "Bosi, mbona mguu hatujauweka?" Alikuwa na maana dakika za kutembea kutoka nyumbani mpaka kituoni. Tukaziweka mtaa kwa mtaa, mteremko na tope vikiwemo, na kuna maeneo ambayo kwenye ramani yalionekana yapo jirani na mwendokasi yakabadilika rangi pale pale, yakawa ya mbali. Nilifurahi sana, hicho ndo kichwa ninachokitaka kwenye timu.

Katikati hapo simu, kuna taasisi imefukua njia ya waenda kwa miguu iliyomalizwa juzi ili ipitishe bomba. Barua imeandikwa.

Saa 10 jioni
Mvua. Masika ikinyesha milima ya Pugu na Kisarawe maji yanashuka na Msimbazi mpaka Jangwani, na Jangwani ikijaa Morogoro Road inafungwa na mwendokasi ya Kimara haipiti. Ndo maana mradi wa Bonde la Msimbazi una daraja refu pale. Jana maji yalikuja mpaka karibu na ukingo afu yakapungua, hatukufunga.

Saa 11 na nusu jioni
Bonyokwa, mkutano na wananchi uwanjani. Nilitegemea vijana wa bodaboda watapinga, manake basi la mlisho linagusa mkate wao. Walikuja kweli, wengi, na mwenyekiti wao akasema kitu ambacho nimekiandika neno kwa neno kwenye muhtasari: "Sisi tupeni kijiwe rasmi kwenye vituo, abiria wa bondeni basi halitamfikia." Kweli kabisa, kule bondeni gari haliingii. Tukakubaliana vituo vitatu vichorwe upya na kijiwe cha boda na bajaji ndani yake, chenye paa. Bibi mmoja akasimama, akauliza hilo basi ngazi yake itakuwa ya kimo gani, magoti yake hayapandi daladala. Nikamwambia sakafu ya chini itakuwa sharti la mkataba. Akasema, "Iandike mwanangu, nikuone." Nikaiandika mbele yake.

Saa 3 usiku
Nyumbani, nimemaliza muhtasari na nimebadilisha kifungu cha gari kwenye rasimu ya mkataba: sakafu ya chini, lazima. Imeenda kwa wanasheria usiku ule ule, na kikao cha ruti kinarudi Alhamisi na ile safari ya saa 5 bado ipo kwenye ratiba, siitoi.